Sura ya Nne: Mbunge Wetu Ana Miswada Mingapi?

Kila uchaguzi unapokaribia, swali ni lile lile, uwe stendi ya Bomang'ombe, kijiwe cha bodaboda au katikati ya soko la Kwa Sadala: huyu tuliyempeleka Dodoma amefanya nini? Wazee hujibu kwa kutaja mabati ya shule, saruji ya zahanati na misiba aliyohudhuria. Vijana wenye simu wameongeza swali lao. Wamesikia wabunge wa Kenya ambao miswada yao inaitwa kwa majina yao, wamesikia kuhusu orodha za kuwapanga wabunge kwa alama, nao wanauliza: wa kwetu ana miswada mingapi?

Swali hili ni zuri, na inafaa lienee. Linatoa mazungumzo kwenye rambirambi na kuyapeleka kwenye kazi ambayo mbunge analipwa kuifanya. Lakini likijibiwa kwa haraka linaweza kutupotosha vibaya. Tunaweza kumtuza aliyeweka jina tu na kumwadhibu aliyefanya kazi. Sura hii inaeleza idadi ya miswada inatuambia nini, inaficha nini, na mpiga kura wa jimbo letu la Hai anaweza kuupata wapi ukweli uliobaki.

Muswada ni nini, na mwenyewe ni nani?

Muswada ni sheria ambayo haijawa sheria. Ni pendekezo lililoandikwa kwa vifungu, linalosubiri Bunge lilikubali na Rais atie saini. Kwa Kanuni za Kudumu za Bunge, yaani taratibu ambazo Bunge limejiwekea lenyewe, muswada unaweza kuwa na mmoja kati ya wenyewe watatu:

- Serikali, kupitia waziri. Huu huitwa muswada wa Serikali.
- Kamati ya Bunge. Huu ni muswada wa kamati.
- Mbunge mmoja asiye waziri. Huu ni muswada binafsi.

Ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali, muswada husomwa mara ya kwanza, yaani hutajwa tu bungeni. Kisha hupelekwa kwenye kamati, ambako wadau huitwa kutoa maoni. Ukirudi unasomwa mara ya pili, na hapo ndipo wabunge hujadili shabaha yake. Baadaye Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia kifungu kwa kifungu, ndipo usomwe mara ya tatu na kupelekwa kwa Rais.

Angalia safari hiyo ilivyo ndefu. Jina la mwenye muswada huandikwa mwanzoni kabisa, ilhali mikono inayoubadilisha njiani ni mingi.

Kwa nini Dodoma karibu kila muswada una jina la waziri

Muswada binafsi unaruhusiwa Tanzania, lakini ni nadra sana kuuona ukifika mwisho. Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni nyenzo. Waziri ana wanasheria wa wizara na ana Mwandishi Mkuu wa Sheria, ofisi ya Serikali ambayo kazi yake ni kuandika miswada. Mbunge wa kawaida ana katibu wake na ofisi ya jimbo. Kuandika vifungu arobaini visivyogongana na sheria nyingine si kazi ya jioni moja.

Ya pili ni Katiba yenyewe. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia muswada unaotoza kodi, au unaotumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Rais awe amependekeza jambo hilo lishughulikiwe na pendekezo hilo liwe limewasilishwa bungeni na waziri. Sasa fikiria mambo yanayotuuma huku mlimani: tozo za kahawa, ruzuku ya mbolea, fidia ya ardhi, maji. Karibu yote yanagusa fedha. Mbunge akitaka kuyaandikia muswada wake mwenyewe, anakuta mlango huo umefungwa.

Ya tatu ni chama. Mbunge wa chama tawala akiwa na wazo la sheria hupeleka wazo hilo kwa waziri au kwenye vikao vya chama, na likikubalika hurudi bungeni kama muswada wa Serikali. Mbunge wa upinzani akiwa na wazo, hana kura za kulipitisha.

Tazama sasa hesabu hii inavyowatendea watu mkoani kwetu. Profesa Adolf Mkenda, aliyechaguliwa Rombo mwaka 2020, amekuwa Waziri wa Kilimo kisha Waziri wa Elimu. Miswada ya wizara yake hupita kwa jina lake, iwe yeye ndiye aliyeibuni au aliikuta mezani. Freeman Mbowe alikuwa mbunge wa Hai kuanzia 2000 hadi 2005, na tena kuanzia 2010 hadi 2020, kipindi ambacho alikuwa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani Bungeni. Sheria za miaka ile zilipelekwa na Serikali aliyokuwa akiihoji. Ukihesabu miswada tu, utasema mmoja ni hodari na mwingine alikaa bure, na utakuwa umepima vyeo vyao, hujapima kazi yao. Ni kama kumsifu mkulima wa Machame kwa idadi ya miche aliyopewa kwenye kitalu, bila kuuliza alivuna kilo ngapi za kahawa.

*Kwa ufupi: Tanzania, jina lililo juu ya muswada mara nyingi linakuambia nani ni waziri. Halikuambii nani alifanya kazi.*

Wenzetu wanapimaje?

Marekani, ambako mbunge yeyote anaweza kuwasilisha muswada, wanazuoni wawili, Craig Volden na Alan Wiseman, wametengeneza kipimo cha ufanisi wa watunga sheria. Kipimo chao hakiishii kwenye idadi. Kinafuata kila muswada: uliwasilishwa, ukashughulikiwa na kamati, ukatoka kwenye kamati, ukapita, ukawa sheria? Halafu kinaangalia uzito wake. Muswada wa kuipa ofisi ya posta jina la mtu unapata uzito wa 1, wa jambo la kawaida la kisera unapata 5, na wa jambo kubwa unapata 10. Walilazimika kufanya hivyo kwa sababu katika kila kipindi cha miaka miwili hupelekwa miswada zaidi ya 10,000, na inayogeuka sheria ni mamia machache tu. Mwenye miswada mingi huenda hana sheria hata moja.

Kenya, taasisi ya Mzalendo, iliyoanza mwaka 2005, hutumia kumbukumbu za mijadala kuonyesha nani anasema bungeni na nani yuko kimya. Uganda, taasisi iitwayo Africa Leadership Institute iliwapa alama wabunge wa Bunge la Nane, la 2006 hadi 2011, ikitazama kazi yao ukumbini, kwenye kamati na majimboni.

Wote hawa walifika mahali pamoja kwa njia tofauti: idadi moja haitoshi kumweleza mbunge.

Muswada wa mtu mmoja unapobadili nchi

Hata hivyo, tusidharau muswada binafsi. Majirani zetu wameonyesha nguvu yake, kwa heri na kwa shari.

Mwaka 2003 Kenya ilipata sheria ya mfuko wa maendeleo ya majimbo, uliotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali. Chimbuko lake lilikuwa muswada wa mbunge wa Ol Kalou, Muriuki Karue. Miaka sita baadaye, 2009, Bunge letu nalo lilitunga Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, huu tunaouita Mfuko wa Jimbo, ambao mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake. Kwa hiyo yale mabati na saruji ambayo wengine hudhani mbunge ameyatoa mfukoni, mara nyingi ni fedha za umma zilizowekwa na sheria.

Mwaka 2006, mbunge wa kuteuliwa Njoki Ndung'u alifanikisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya kwa muswada binafsi. Hakuwa waziri wala hakuwa na jimbo.

Sasa linganisha na kwetu. Tanzania ilikuwa na sheria ya jambo hilo hilo miaka minane kabla, mwaka 1998. Muswada ulikuwa wa Serikali, lakini nyuma yake kulikuwa na kampeni ndefu ya Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, pamoja na wanaharakati wenzao. Nchi mbili, jambo moja, njia mbili. Ukihesabu miswada, Kenya ina shujaa mwenye jina, na Tanzania ina waziri tu. Ukiangalia mtoto aliyelindwa na sheria, pande zote mbili kazi ilifanyika.

Na kupita kwa muswada si mwisho wa kipimo. Mwaka 2016 Jude Njomo, mbunge wa Kiambu, alifaulu kuweka ukomo wa riba za benki Kenya kwa muswada wake. Wakopaji walishangilia. Baadaye benki zilibana mikopo kwa wafanyabiashara wadogo, na Novemba 2019 ukomo ule ukaondolewa. Uganda nako, mwaka 2017, mbunge Raphael Magyezi alipeleka muswada binafsi uliofuta kikomo cha miaka 75 kwa mgombea urais. Ulipita. Kwa orodha ya alama, Magyezi ni mbunge mwenye ufanisi mkubwa. Mpiga kura ana haki ya kuuliza swali ambalo orodha haiulizi: ufanisi huo ulikuwa kwa faida ya nani?

*Kwa ufupi: Muswada binafsi ni silaha halisi. Lakini uliza umefika wapi, una uzito gani, na umemsaidia nani.*

Buzwagi: sheria iliyoanza na hoja iliyoshindwa

Mfano mzuri kuliko yote kwa Tanzania haumo katika orodha yoyote ya miswada.

Februari 2007, waziri wa nishati na madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi akiwa London. Agosti mwaka huo, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, alipeleka bungeni hoja binafsi ya kutaka iundwe kamati teule, yaani kamati ya wabunge ya kuchunguza jambo moja mahususi. Hoja binafsi ni tofauti na muswada binafsi: haileti sheria, inaliomba Bunge liazimie jambo. Hoja ilikataliwa. Zaidi ya hapo, Zitto mwenyewe alisimamishwa kuhudhuria Bunge.

Ukifunga daftari hapo, hesabu yake ni miswada sifuri, hoja iliyoshindwa na adhabu juu. Usilifunge. Mjadala ulitoka bungeni ukaingia mitaani. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria mpya ya Madini, na mrabaha wa dhahabu, yaani fungu ambalo mchimbaji hulipa Serikali kwa thamani ya madini anayotoa, ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Waziri aliyekuwa na dhamana ya wizara wakati huo ni William Ngeleja. Orodha ya miswada itampa Ngeleja alama zote na kumpa Zitto sifuri. Historia haikuwa hivyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kazi isiyoandikwa jina

Wapi basi pa kuitafuta kazi ya mbunge asiye na muswada? Ipo mahali pengi, na ipo kwenye maandishi.

*Jedwali la marekebisho.* Hii ni karatasi ambayo mbunge huiwasilisha kutaka kifungu kibadilishwe. Tuseme muswada wa ushirika unasema mkulima alipwe ndani ya siku 90 baada ya kahawa yake kuuzwa. Mbunge analeta jedwali: katika kifungu kile, futa "tisini", weka "thelathini". Likikubaliwa, mkulima wa Lyamungo analipwa miezi miwili mapema, kila msimu, bila kujua nani alisimama siku ile. Muswada utabaki na jina la waziri. Lakini yale mabadiliko ni ya mbunge.

*Kamati.* Februari 2008, kamati teule chini ya Harrison Mwakyembe ilitoa ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Novemba 2014, Kamati ya Hesabu za Serikali ilitoa ripoti ya fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta. Mwanasheria Mkuu, Frederick Werema, alijiuzulu Desemba, na Januari iliyofuata akajiuzulu waziri wa nishati na madini, Sospeter Muhongo. Hakuna kati ya matukio hayo lililohitaji muswada.

*Kushika shilingi.* Wakati wa bajeti, kifungu chenye mshahara wa waziri kinapoitwa, mbunge husimama kuomba ufafanuzi wa sera. Huonya kwamba asiporidhika atatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Asiporidhika, anaitoa kweli, wenzake wanasimama kumuunga mkono, na mjadala unafunguka. Waziri akiahidi jambo la maana, mbunge huirudisha shilingi. Fedha yenyewe si kitu. Kitu ni ahadi iliyotolewa mbele ya Bunge na kuandikwa, ambayo mwaka unaofuata inaweza kudaiwa.

*Maswali.* Katiba, ibara ya 63, inataja kumuuliza waziri swali kuwa mojawapo ya kazi za Bunge, sawa na kutunga sheria. Swali la msingi hujibiwa kwa maandalizi, na la nyongeza huulizwa papo hapo kulingana na jibu. Hili la pili ndilo linaloonyesha kama mbunge analijua jambo lake.

*Mazungumzo nje ya ukumbi.* Novemba 2011 wabunge wa CHADEMA walitoka bungeni wakipinga Muswada wa Mabadiliko ya Katiba. Ulipita bila wao. Siku chache baadaye ujumbe wa chama, ukiongozwa na Mbowe, ulikutana na Rais Kikwete Ikulu, na mwanzoni mwa 2012 sheria ikarudishwa bungeni kurekebishwa. Uwe shabiki wa chama hicho au usiwe, huo ni mkono wa mbunge wa Hai juu ya sheria ambayo haina jina lake.

Mpiga kura afanyeje?

Kumbukumbu zipo. Majadiliano yote ya Bunge huandikwa neno kwa neno katika Taarifa Rasmi, maarufu kama Hansadi, na hupatikana kwenye tovuti ya Bunge. Ukurasa wa mbunge huko umeorodhesha maswali na michango yake. Kuzisoma kumbukumbu hizo kulipata umuhimu zaidi Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Ambaye hakuona kwenye televisheni inabidi asome.

Usianze kwa kuhesabu. Anza na jambo moja linalokugusa, kisha lifuate:

1. Chagua jambo: malipo ya kahawa, barabara, maji ya mfereji, mikopo ya vijana.
2. Tafuta kwenye Hansadi kama mbunge amewahi kulitaja. Kama hajalitaja kwa miaka mitano, jibu umelipata.
3. Kama amelitaja, angalia kama alirudi. Swali moja lisilofuatiliwa ni la kujionyesha.
4. Angalia alitumia chombo gani: mchango wa mdomo tu, swali, jedwali, shilingi, hoja au muswada. Kila kimoja kina uzito wake.
5. Angalia kilichobadilika: kifungu, fungu la bajeti, au ahadi ya waziri yenye tarehe.
6. Angalia nafasi yake. Waziri apimwe kama waziri, mbunge wa viti vya nyuma kama wa viti vya nyuma, mpinzani kama mpinzani.

Kazi hii haihitaji shahada. Kikundi cha vijana wachache wa Bomang'ombe, kila mmoja akichukua mkutano mmoja wa Bunge, kinaweza kuandaa kurasa nne za jimbo zima na kuzibandika kwenye mbao za matangazo za kata.

Tudai nini zaidi?

Kusema idadi ya miswada haitoshi si kumpa mbunge kisingizio. Ibara ya 99 inafunga mlango wa fedha, haifungi milango yote. Namna viongozi wa ushirika wanavyochaguliwa na kuwajibishwa, haki ya mwanakijiji kupewa taarifa kabla ardhi yake haijaguswa, uwazi wa mikataba: mengi ya hayo yanaweza kuandikwa bila kugusa Hazina. Mbunge aliyekaa miaka mitano bila kujaribu hata mara moja ana haki ya kuulizwa kwa nini, na sisi tuna haki ya jibu lililo bora kuliko "wenzangu pia hawakupeleka".

Bunge nalo lidaiwe. Mbunge anayetaka kuandika muswada apewe wanasheria wa kumsaidia tangu wazo linapozaliwa. Majedwali ya marekebisho yatangazwe kwa jina la mbunge, pamoja na yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, ili raia aone bila kuchambua mamia ya kurasa.

Hai imewakilishwa na Mbowe, na Fuya Kimbita kati ya 2005 na 2010, na Saashisha Mafuwe aliyechaguliwa mwaka 2020. Vyama tofauti, tabia tofauti, nyakati tofauti. Wote wanastahili kipimo kimoja, na wanastahili kupimwa na watu waliosoma walichosema. Kwa hiyo mkutano wa kampeni ukifika uwanjani na kipaza sauti kikaletwa kwa wananchi, yule kijana asiishie kuuliza, "Mheshimiwa, una miswada mingapi?" Aulize: "Mheshimiwa, nitajie kifungu kimoja cha sheria, au fungu moja la bajeti, ambalo lisingekuwa lilivyo kama usingekuwepo Dodoma, na uniambie liko ukurasa gani wa Hansadi." Mbunge aliyefanya kazi atalifurahia swali hilo, kwa sababu miaka yote alikuwa akisubiri mtu wa kuliuliza.